Farasi Hula Kwanza

Katika nchi ya Marekani, upande wa kaskazini, kuna jimbo liitwalo Michigan. Jimbo hilo lina maziwa makubwa pande zote. Magharibi liko Ziwa Michigan, na mashariki liko Ziwa Huron. Mtoto wa Kalemie aliyezoea kutazama Tanganyika asidhani kwamba hayo ni mabwawa. Ziwa Michigan lina eneo la kilometa za mraba 58,000 hivi, na Tanganyika kama 33,000 tu. Lakini kwa kina Tanganyika yashinda kabisa: hufika meta 1,470 kwenda chini, na Ziwa Michigan meta 281.

Kati ya maziwa hayo mawili iko njia ya farasi. Huanza karibu na kijiji cha Empire, pwani ya Ziwa Michigan. Hupita msituni, huvuka mito, hata hufika Oscoda, pwani ya Ziwa Huron. Urefu wake wapita kilometa 300, bila kuhesabu matawi yake yanayokwenda kaskazini na kusini. Watu wapendao farasi waliianzisha katika miaka ya 1960. Si barabara ya magari. Sehemu kubwa ni njia nyembamba ya mchanga, na alama yake ni doa la rangi ya buluu lililopakwa juu ya miti. Mpanda farasi akiona doa, aenda mbele. Akipita miti mingi bila kuona doa, ajua amepotea, naye arudi nyuma.

Kando ya njia ziko kambi. Nyingine ni karibu na ziwa dogo, kama ile ya Garey Lake. Nyingine ni kando ya mto, kama Goose Creek na McKinley. Nyingine ni ndani ya msitu, kama Luzerne. Kutoka kambi hata kambi ni mwendo wa siku moja hivi. Usifikiri kwamba huko kuna nyumba za wageni. Kuna pampu ya maji ya kusukuma kwa mkono, kuna choo, meza ya mbao na mahali pa kuwasha moto. Kitu kingine chochote msafiri huja nacho mwenyewe.

Mtu ataona ajabu. Wamarekani wana magari, tena wana nyumba nzuri. Mbona walale msituni pamoja na mnyama mwenye uzito wa kilo 500? Wenyewe husema kwamba hakuna raha kama hiyo. Labda ni kweli. Lakini raha hiyo ina kazi nyingi, na yule asiyeijua kazi yake aweza kumwua farasi wake kwa usiku mmoja.

Katika Kongo watoto wengi wamemwona farasi kwenye picha tu. Si kwamba watu hawakumtaka. Sababu ni mbung'o. Inzi huyo akimwuma farasi humtia damuni vijidudu vya ugonjwa wa nagana. Farasi hukonda, huishiwa damu, hufa. Ng'ombe wa aina fulani huvumilia nagana, lakini farasi hushindwa upesi. Ndiyo maana katika nchi za misitu na za mabonde yenye joto mizigo ilichukuliwa juu ya vichwa vya watu miaka mingi, wala si juu ya migongo ya farasi.

Huko Michigan hakuna mbung'o. Lakini yuko inzi mwingine, mkubwa, aumaye kama kisu. Jina lake pange. Pange hafugi vijidudu ndani ya mwili wake kama afanyavyo mbung'o. Yeye hubeba damu mdomoni tu. Amwuma farasi mgonjwa. Farasi ampiga kwa mkia. Pange aruka na mdomo wenye damu, aenda kwa farasi wa jirani kumaliza chakula chake. Damu ile ikiwa na ugonjwa, basi farasi wa pili ameupata. Kuna ugonjwa mmoja wa namna hiyo, wa kuharibu damu, ambao hauna dawa wala chanjo. Farasi aliye nao hukaa nao mpaka kufa, hata akionekana mzima.

Mwaka 1970 mganga wa wanyama, Leroy Coggins, pamoja na mwenzake, walitangaza namna ya kupima damu na kuugundua ugonjwa huo. Tangu kipimo hicho kilipokubaliwa na serikali, majimbo mengi ya Marekani hudai cheti cha damu kabla farasi hajaingia mahali penye farasi wengi. Farasi aonekanaye mgonjwa huuawa, au hutengwa maisha yake yote, meta 180 hivi mbali na wenzake, au zaidi. Kwa nini 180? Kwa sababu pange aliyefukuzwa hapendi kuruka mbali. Hutafuta damu ya karibu. Basi msafiri hutia cheti kile mfukoni kabla ya kukumbuka hema na blanketi.

Jua likianza kushuka, msafiri afika kambini. Amechoka, magoti yamwuma, tumbo ladai chakula. Akiwa mgeni wa kazi hii, huketi kwanza, hunywa maji, huwasha moto. Mzoefu hafanyi hivyo. Yeye hulegeza ukanda wa tandiko, huliondoa, hupitisha kiganja juu ya mgongo wa farasi. Anatafuta nini? Mahali penye uvimbe, au penye joto kupita pengine. Kijidonda kidogo chini ya tandiko leo, kesho ni kidonda kikubwa, na kesho kutwa mwenyewe atakwenda kwa miguu. Kisha huinua kwato moja moja, zote nne, huchokoa mawe kwa chuma kidogo.

Halafu ni pampu. Farasi mkubwa hunywa lita 25 hata 45 kwa siku, na siku ya joto zaidi. Mwenye farasi wawili hujua vizuri uzito wa mkono wa pampu. Tena wako farasi wenye madaha, ambao hukataa maji yenye ladha ya chuma wasiyoizoea nyumbani. Watu wengine hutia maji ya matunda kidogo ndani ya ndoo ili kumdanganya. Si mchezo: farasi asiyekunywa, majani makavu hukwama tumboni mwake.

Majani hayo makavu huletwa kambini kwa gari, maana farasi mmoja hula kilo 10 hivi kwa siku. Farasi kumi wakiachwa wale majani ya kambi, baada ya siku chache kambi ingebaki vumbi tupu. Katika misitu ya serikali kwenye milima ya magharibi kuna sheria zaidi: majani makavu sharti yawe yamekaguliwa shambani, ili yasilete msituni mbegu za magugu ya kigeni.

Sasa farasi atafungwa wapi? Swali laonekana dogo. Miti ni mingi, kamba ipo, afungwe kwenye mti wowote. Hapo ndipo mgeni hukosea.

Farasi aliyefungwa kwenye mti huchoka kusimama bure. Hukwaruza ardhi kwa ukwato wa mbele, saa nzima, mpaka mizizi yaonekana. Kisha huanza kutafuna gome. Na gome la mti si nguo tu ya kujifunika. Majani hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na chakula hicho hushuka kwenda mizizini kwa kupita katika ngozi ya ndani ya gome. Farasi akitafuna gome mzunguko mzima, njia ya chakula imekatwa. Mti hauanguki siku ile. Waweza kusimama na majani mabichi mwaka mzima, nayo mizizi inakufa njaa chini ya ardhi. Aliyemfunga farasi pale amekwisha kwenda zake zamani, wala hatajua kamwe kwamba aliua mti.

Kwa hiyo wazoefu hutafuta miti miwili minene. Hufunga kila mti kwa ukanda mpana wa kitambaa kigumu, usiokata gome. Kati ya kanda hizo mbili hukaza kamba nene, kama meta mbili juu ya ardhi. Farasi hufungwa katikati ya kamba hiyo, mbali na miti yenyewe, kwa fundo ambalo haliteleziki huku na huku. Hapo aweza kugeuka, aweza kula, lakini meno yake hayafiki gomeni.

Kamba ya farasi mwenyewe nayo ina kipimo chake. Ikiwa fupi mno, farasi hawezi kushusha kichwa, hali, halali. Ikiwa ndefu mno, usiku huikanyaga, mguu huingia ndani yake. Farasi aliyenaswa mguu hakai kimya akingoja kusaidiwa. Huruka, huvuta, na kamba humkata nyama hata mfupa. Basi fundo huwa la namna ya kufunguka kwa kuvuta ncha moja, na wazee wa njia hiyo hulala na kisu karibu na kichwa. Si kwa hofu ya wezi.

Kabla ya kufunga kamba yoyote, mzoefu hutazama juu, kisha hutazama chini. Juu atafuta mti uitwao mepuli mwekundu. Ni mti mzuri sana. Wakati majani yanapopukutika huwa mwekundu kama moto, na watu hutoka mbali kuutazama. Majani yake mabichi hayajulikani kuwa na sumu. Lakini yakinyauka, kama baada ya dhoruba kuvunja tawi, au yakianguka na kukauka, hugeuka kuwa sumu ya farasi. Kilo moja na nusu hivi ya majani hayo yatosha kumdhuru vibaya farasi mkubwa. Sumu yavunja chembe nyekundu za damu. Farasi huwa dhaifu, moyo hupiga mbio, mkojo wake hutoka mweusi kama kahawa. Wengi hufa, hata mganga akifika. Kuna na mti mwingine, jamii ya cheri, ambao majani yake yakinyauka hutoa sumu kali zaidi, nayo huua upesi. Ndiyo sababu msafiri huzunguka na kuokota matawi yaliyoanguka kabla ya kuokota kuni zake mwenyewe.

Hofu kubwa kuliko zote ni tumbo. Mbwa akila kitu kibaya, hutapika, kisha hulala kivulini, na kesho amepona. Farasi hawezi kutapika. Mlango wa tumbo lake hukaza kwa nguvu sana, kilichoingia hakirudi. Sharti kipite meta nyingi za matumbo yaliyojikunja mpaka nje. Kikikwama njiani, au matumbo yakijisokota, farasi yumo hatarini.

Dalili zake wapanda farasi huzijua kama mama ajuavyo kilio cha mtoto wake. Farasi aacha majani mbele yake. Ageuza shingo, atazama ubavu wake kama kwamba kuna mtu aliyempiga hapo. Akwaruza. Atoka jasho usiku wa baridi. Alala, ainuka, alala tena, ataka kujibingirisha. Hapo mwenyewe humwondolea chakula, huweka sikio juu ya ubavu na kusikiliza. Tumbo zima hulia: lanong'ona, languruma kama maji yapitayo mawe. Tumbo kimya ni habari mbaya.

Basi mmoja huendesha gari kwenda kumwita mganga wa wanyama, naye yu mbali, na barabara ni ya mchanga. Mwingine hubaki akimtembeza farasi polepole gizani, mbele na nyuma, kati ya mahema. Wenye farasi wengine huamka bila kuitwa. Huleta taa, huleta kahawa, hupokezana kamba. Hakuna wa kusema, "Huyo si farasi wangu." Mara nyingi tumbo hufunguka kabla ya alfajiri, na mavi ya kwanza yakianguka, watu wazima wenye mvi hushangilia kama watoto waliofunga goli. Mara nyingine mganga hufika, hupima, hutikisa kichwa. Tumbo lililojisokota hudai kukatwa kwa upasuaji, katika hospitali kubwa ya wanyama, mapema sana. Msituni saa hizo hazipatikani kwa urahisi.

Usiku mwingi, kwa bahati, hauna mambo hayo. Farasi hulala wamesimama, maana viungo vya miguu yao hujifunga vyenyewe wasianguke. Lakini kwa usingizi mzito sharti walale chini kidogo, nusu saa hata saa moja kwa siku. Wakiwa wengi, mara kwa mara mmoja hubaki amesimama wengine wakilala, kama zamu ya askari. Mtu hemani husikia meno yakisaga majani, kwato zikibadili mahali. Sauti hizo hazimwamshi. Kinyamaa chote ghafula, ndipo huamka.

Katika kambi za kando ya ziwa watoto wa wasafiri huuliza neno lile lile kila mwaka: mbona farasi hawapelekwi kunywa ziwani, na ziwa lipo hapo? Huambiwa wabebe ndoo. Farasi mmoja hutoa mavi kilo 20 hivi kwa siku. Yakiingia majini huotesha uchafu wa kijani, na samaki hukosa hewa. Tena watu wengine huoga humo. Na kwato zenye chuma huvunja ukingo laini wa ziwa, udongo ukaporomoka. Desturi ya wapanda farasi wengi ni kufunga wanyama meta 60 au zaidi kutoka ukingoni. Meta 60 na ndoo mbili zilizojaa, ni mbali kuliko inavyosemwa.

Sheria hizo zote zaonekana kali kwa msitu mkubwa namna ile. Lakini msitu wenyewe ni mgeni. Ule wa kwanza ulikwisha. Katika karne ya 19 watu walikata misunobari myeupe ya Michigan kujengea miji. Na nani aliyekokota magogo? Farasi. Wakati wa baridi watu walimwaga maji njiani yakaganda barafu, na farasi wakavuta magogo juu yake kwa magari yasiyo na magurudumu, mpaka kando ya mito. Barafu ilipoyeyuka, magogo yalielea kwenda kwenye viwanda vya mbao. Yalibaki matawi makavu kila mahali. Tarehe 8 Oktoba 1871, baada ya ukame mrefu, moto uliwaka kutoka upande wa Ziwa Michigan hata upande wa Ziwa Huron, siku ile ile mji wa Chicago ulipoanza kuungua. Karibu na Grayling, mahali paitwapo Hartwick Pines, imebaki misunobari ya kale katika hektari 20 hivi. Mtu asimamaye chini yake hukaza shingo kuona vilele.

Kutoka 1933 hata 1942 serikali iliwapa kazi vijana wasio na kazi, nao katika Michigan wakapanda miche mamilioni kwa mamilioni. Miti mingi ambayo wapanda farasi hupita chini yake leo ni mikono ya vijana hao.

Karibu na Luzerne kuna sehemu zinazotunzwa kwa uangalifu. Hapo hukaa ndege mdogo, tumbo la manjano, ajengaye kiota chini ardhini, chini ya misunobari michanga ya aina moja tu. Misunobari hiyo yenyewe huhitaji moto: mbegu zake zimefungwa kwa utomvu, nao huyeyuka kwa joto kali. Watu walipozoea kuzima kila moto, ndege wakakosa miti michanga. Mwaka 1987 walihesabiwa madume 167 tu. Watu wakaanza kupanda misunobari kwa ajili yake, na mwaka 2019 aliondolewa katika orodha ya viumbe walio karibu kuangamia. Ukwato mmoja uliokosea njia watosha kuponda kiota chake. Kwa hiyo wapanda farasi hufuata doa la buluu.

Asubuhi, kazi ya mwisho. Mavi hukusanywa kwa uma mkubwa na kutiwa mahali palipowekwa, au hutawanywa mbali yakauke upesi. Mashimo ya kwato hufukiwa. Majani yaliyobaki hufagiliwa. Kamba na kanda za miti huondolewa, na mtu hupitisha kidole juu ya gome kuona kama limeumia. Wote husema wanaipenda safari. Hakuna asemaye anaipenda kazi ya uma.

Baada ya siku nyingi namna hiyo hufika Oscoda. Wengi hupenda kumlowesha farasi kwato katika Ziwa Huron, mahali paliporuhusiwa, kama walivyofanya katika Ziwa Michigan siku ya kuondoka. Farasi wengine huingia bila neno. Wengine hunusa maji hayo yasiyo na ng'ambo, hukoroma, hurudi nyuma mpaka mwenyewe alowe viatu akiwavuta. Kisha hurudishwa mbali na ukingo, tandiko hushushwa, mgongo hupapaswa, na ndoo huwekwa chini. Chakula cha watu bado kimo katika gari.